Wenyewe Wamelala

Jumamosi, 4 Novemba

Wiki moja kamili. Jumamosi ijayo, saa kumi alasiri, wazee wa Yassin wanakuja kutoka Kurui kuleta posa ya Rahma, binti yangu wa kwanza. Nimetoka nje, nikasimama getini, nikaitazama nyumba yangu kwa macho ya mkwe. Loh! Ukuta una ufa kutoka dirishani mpaka chini. Rangi imebabuka. Bati halina gata, maji ya mvua yamechimba shimo chini ya dirisha la sebule. Mbele ya baraza mchanga mtupu na ndoo ya kuku. Mkwe akikuta hivi atadhani tunamtoa mtoto kwa njaa.

Kwa jirani yangu Silvanus kila kitu kimekamilika. Mwalimu mstaafu, hana kazi, ana rula. Leo kaniita ukutani kunishauri bila kuombwa. Kasema kazi ya nje ya nyumba huanzia juu ikashuka chini: kwanza gata, halafu nyufa na lipu, halafu rangi, halafu njia ya kupita, maua mwisho kabisa. Kaniandikia kwenye karatasi. Mwandiko wa ubaoni. Mke wangu Ashura kaisoma, kaibandika kwenye friji kana kwamba ni cheti.

Nimefikiri sana, nikagundua kosa la Silvanus. Rangi inakauka siku moja. Maua yanataka wiki nzima kushika. Kwa hiyo maua kwanza, gata mwisho! Nimeigeuza karatasi juu chini, nikaibandika upya. Ndiyo maana mimi ni afisa ugavi na yeye alifundisha Jiografia.

Jumapili, 5 Novemba

Nimeazima kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ya Elinipa wa ofisini. Ashura nimemwambia naenda Mlandizi kutafuta mbolea. Kweli yenyewe nimekwenda Kurui. Ni haki ya baba kujua mwanawe anaingia ukoo gani. Nilitaka tu kuiona nyumba yao kwa mbali, mbele ikoje, ili yangu iizidi kidogo.

Sikuipata. Nilipotea baada ya mashamba ya mihogo. Saa saba mchana, jua la utosi, hakuna mtu, hakuna hata jogoo. Ndipo nikaona bustani! Katikati ya kichaka, mahame ya watu wa zamani bila shaka. Maua ya waridi na meupe yamejaa na hakuna anayemwagilia. Mawe meupe yamepangwa. Na sahani! Sahani za kizamani, zimezamishwa kwenye udongo zikitazama juu. Moja ina ukingo wa buluu na jogoo katikati, iliwahi kuvunjika ikaungwa kwa waya. Sisi Bukoba tuna migomba mpaka mlangoni, lakini sahani tunalia chakula. Watu wa Pwani wana sanaa, tatizo hawajitangazi.

Kando yake aliketi bibi kizee, kajifunga kaniki, ana pete ya shaba kidole cha mwisho. Sikumwona mpaka nilipokaribia kumkanyaga. Shikamoo bibi. Marahaba. Nikamwuliza wenye bustani wako wapi niwaombe mbegu.

"Wenyewe wamelala," akasema.

Saa saba mchana! Nikasema basi nisiwaamshe, nachukua kidogo tu, ni kwa ajili ya posa ya binti yangu. Akauliza binti anachumbiwa na nani. Nikamwambia Yassin, mtoto wa Mzee Mfaume. Akacheka bila sauti, muda mrefu. Kisha akasema nichukue, ila nipange kama nilivyokuta: cha kichwani kichwani, cha miguuni miguuni, nisichanganye. Nikachora ramani nyuma ya risiti. Nilipoinua uso nimshukuru, hayupo. Mwepesi kwa umri wake.

Kurudi, kirikuu ilikuwa nzito ajabu. Kila kilima gia ya kwanza. Trafiki akanisimamisha, akanifokea kwa nini nimempakia bibi nyuma juani na kiti cha mbele kiko kitupu. Nikashuka nimwonyeshe: maua, mawe, sahani saba. Alitazama sana. Akanirudishia leseni kwa mikono miwili, akasema niende polepole.

Jumatatu, 6 Novemba

Nimeaga kazini kwamba nina homa. Tuta la maua limekamilika, palepale chini ya dirisha la sebule penye shimo la maji. Shimo limezibwa na bustani imepatikana, Silvanus hajui hesabu hizo. Urefu hatua mbili na kidogo. Upana hatua moja. Jiwe refu kichwani, jingine miguuni, yote nimeyapaka chokaa. Maua juu, sahani katikati zikizungukwa na maua. Ramani nimeifuata mpaka nukta.

Ashura alitoka na beseni la nguo, akasimama. Kasema mbona linafanana na. Hakumalizia. Nikamwambia linafanana na hoteli. Kasema akiwa karibu nalo anahisi kuna mtu. Nikamweleza kwamba bustani nzuri ndivyo inavyokuwa, hukaribisha watu. Amekwenda kuanika nguo uani.

Jumanne, 7 Novemba

Matokeo ya haraka! Mwanaamina, muuza vitumbua, ambaye kila asubuhi hupiga kelele mpaka mbwa wanajificha, leo alipofika kwetu kanyamaza. Katua beseni. Kajitanda khanga vizuri. Kasema kwa upole, amani iwe juu yenu. Yenu! Nilikuwa peke yangu, nimeketi nyuma ya nguzo ya baraza. Nikaitikia kwa niaba ya familia. Katimua mbio, vitumbua vitatu vimebaki barabarani.

Na si yeye tu. Bodaboda wanazima muziki. Wanafunzi wanaacha kukimbia. Mzee mmoja kashuka kwenye baiskeli, kaisukuma mpaka mwisho wa ukuta wangu, kisha kapanda tena. Kizuri chajiuza. Kwa Silvanus, penye matofali ya pevingi ya rangi mbili, watu wanapita wakitafuna miwa.

Fundi Zaidi kaja kwa ajili ya lipu na rangi. Anaitwa Zaidi na kila siku hutaka zaidi, saruji zaidi, brashi zaidi. Leo hakutaka kitu. Kaliona tuta, kavua kofia. Kasema pole sana mzee. Nikajibu ahsante, ndiyo kazi zenyewe. Kauliza kama ilikuwa ghafla. Nikamwambia hapana, nilipanga tangu Jumamosi. Kauliza ulipanga peke yako? Nikasema peke yangu, mke wangu hakuniunga mkono. Kanitazama vibaya, kaenda kuanza na ukuta wa nyuma.

Jumatano, 8 Novemba

Mvua ya alfajiri. Maji yote ya bati yakamwagikia tuta. Tone, tone, juu ya sahani, ti, ti, ti. Ashura hataki kukaa sebuleni, anasema kuna mtu anakula nje. Mvua ikakatika saa mbili. Sauti ikaendelea mpaka saa nne. Nikaeleza kwamba ni maji yaliyobaki juu. Zaidi akapanda kuhakikisha. Bati kavu. Alishuka haraka kuliko alivyopanda.

Tuta limetitia katikati. Nimeongeza ndoo nne za udongo. Adhuhuri limetitia tena, umbo lilelile, kama mahali mtu alipolala. Silvanus akachungulia, akasema ndiyo faida ya kuacha gata. Kisha akabadili sauti. Kasema Hashiru, kama kuna jambo zito hapo kwako mimi ni jirani, ungeniambia. Wivu una sura nyingi.

Alasiri kaja mjumbe wetu, Mzee Abdala, na daftari. Kauliza tuko wangapi nyumbani. Watano: mimi, Ashura, Rahma na mapacha. Kaomba tutoke wote tusimame barazani. Katuhesabu. Katuhesabu tena, safari hii akitugusa bega. Kauliza kama wiki hii tulikuwa na mgeni yeyote aliyekuja asiondoke. Nikaelewa papo hapo: vyandarua vya bure. Nikamwambia aandike sita. Ameandika, akafunga daftari haraka.

Alhamisi, 9 Novemba

Wanawake watatu wa mtaani wamekuja asubuhi na sukari na mchele. Wametandika mkeka mlangoni, wameketi vichwa chini. Nimewapa chai. Nikawauliza wanaionaje kazi yangu. Mmoja akasema kazi ya Mungu haina makosa. Sijawahi kusifiwa hivyo hata ofisini.

Rahma akarudi kutoka zamu. Ni nesi, huwa hapandishi sauti. Kumbe hata wodini wanampa pole, wamesikia nyumbani kwao kuna msiba. Akawaomba radhi wale wanawake, akawasindikiza, akarudi akasimama mbele yangu.

"Baba, Jumamosi ni posa yangu," akasema. "Wakigeuka getini kwa sababu ya hilo tuta lako, mimi sitakaa tena nyumba hii."

Akalia. Mimi nikaenda kukaa jikoni. Mtoto huyu nilimbeba mgongoni kwenye meli kutoka Bukoba, anatapika usiku kucha, nikimwimbia. Nyumba hii niliijenga tofali kwa tofali ili siku moja wageni wasimame getini waseme, kumbe binti katoka kwa watu. Ndilo ninalotaka, basi. Nimeumia sana.

Saa saba mchana nikatoka nilitazame tuta kwa macho yake, pengine lina kasoro. Hakuna upepo, maua yanatikisika. Harufu ya ubani, na kwetu hatuna ubani. Kwenye sahani ya jogoo kulikuwa na punje tatu za wali. Nikawauliza mapacha, wakakana. Kuku hawalikaribii kabisa. Nimeamua dawa ni rangi, ukuta ukimetameta nyuma yake watu hawatasema neno.

Ijumaa, 10 Novemba

Zaidi amemaliza lipu na rangi pande tatu. Upande wa mbele hagusi. Kasema ngazi haina pa kusimama bila kukanyaga tuta, na yeye hakanyagi hata nimpe nyumba yenyewe. Nimekwenda kuisoma karatasi ya Silvanus kwenye friji, kichwa chini. Pembeni kabisa kaandika kwa kalamu nyekundu: ukianza na maua, ngazi utaiweka wapi? Mwalimu ni mwalimu tu, anafurahia mtu akifeli.

Nikapanda mwenyewe. Mguu mmoja wa ngazi kwenye baraza, mwingine ukingoni mwa tuta. Nikapaka krimu safi kuanzia juu. Nikanyoosha mkono kuufikia ufa, ngazi ikayumba. Nikajua nimekwisha. Mara ikashikwa kwa chini, imara, kama imepigiliwa. Nikasema ahsante Zaidi. Zaidi akaitika kutoka nyuma ya nyumba.

Nimeshuka polepole bila kutazama chini. Ukuta umepakwa nusu, ya juu krimu, ya chini ufa na udongo. Ashura anasema afadhali ningeacha vyote. Nina kikohozi na sijui nimekitoa wapi.

Jumamosi, 11 Novemba

Wamefika saa kumi kamili. Wazee sita na Yassin nyuma yao, kanzu nyeupe, wametanguliwa na Mzee Mfaume. Nikafungua geti kwa tabasamu. Hakuna aliyenipa mkono. Wamesimama wote, wametazama dirisha la sebule, wameinua mikono na kuomba dua. Nikainua ya kwangu. Nikadhani ndiyo desturi yao kuanzia nje.

Mzee Mfaume akaenda mpaka kwenye tuta, akapiga magoti na kanzu yake. Akaifuta sahani ya jogoo kwa mkono wa kanzu. Akauliza, taratibu, nani alinipa.

Nyuma ya pazia niliona vidole vya Rahma. Sikuweza kudanganya, na mimi kudanganya ni riziki. Nikaeleza yote: kupotea, mahame, sahani, bibi wa kaniki, pete ya shaba, ramani. Nilipofika kwenye pete mzee mmoja akakaa chini.

Mzee Mfaume akasema hiyo ni sahani ya mama yake. Yeye ndiye aliyeivunja akiwa mtoto, na ndiye aliyeiunga kwa waya. Aliiweka mwenyewe juu ya kaburi lake mwaka wa tisa huu, kwa mila ya wazee wao, mtu huwekewa alichokuwa akilia. Pete ya shaba ilikataa kutoka kidoleni. Wakamzika nayo.

Wamelala! Wenyewe wamelala! Wiki nzima nimekunywa chai barazani kando ya kaburi la bibi yake mkwe. Nilitamani ardhi inimeze, lakini kipande cha kumeza watu nilikuwa nimeshakitengeneza mwenyewe na kukipaka chokaa. Yassin alitazama viatu vyake. Ndani nikamsikia Rahma anavuta pumzi. Nikasubiri wageuke waondoke, na nilijua wana haki.

Hawakugeuka. Mzee Mfaume alikuwa analia, machozi yanadondoka kwenye sahani, ti, ti.

"Mama aliniusia asikose posa ya Yassin," akasema. "Nikamjibu, mama, utakuwa umelala. Akaniambia, basi mtaniamsha. Hatukumwamsha. Huyu mtu asiye na akili ndiye kamwamsha."

Akasimama, akakung'uta magoti. Akawaambia wenzake kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni mkubwa ameshatangulia, wao ni nani warudi. Wakatandika mikeka hapohapo nje, maana hakuna aliyetaka kumwacha bibi peke yake. Barua ya posa imesomwa kando ya tuta. Rahma katoka kajitanda vizuri, kapiga magoti kwenye jiwe la kichwani, kasema shikamoo bibi. Ashura anaapa kasikia marahaba. Mimi nilisikia tone kutoka kwenye bati. Hakukuwa na mvua.

Sharti moja tu: kesho nirudishe vyote kwa mkono wangu, kwa mpangilio ule ule, na niombe radhi kwa sauti. Nimekubali. Silvanus katazama yote kutoka ukutani, mdomo wazi. Hebu na aseme sasa! Ningeanza na gata, bibi angekuja? Posa ingepita? Mpango wangu ulikuwa sahihi tangu mwanzo, ila sikuujua.

Jumapili, 12 Novemba

Nimeiazima tena kirikuu, nimepakia alfajiri. Nyuma maua, mawe na sahani. Kiti cha mbele nimekiacha kitupu, nimekipangusa, nimekifunga mkanda. Trafiki yule yule kanisimamisha. Kachungulia kiti cha mbele, kapiga saluti, kaniruhusu.

Kurui nimemkuta Mzee Mfaume na Yassin. Nimepanga kila kitu, cha kichwani kichwani, cha miguuni miguuni, sahani ya jogoo katikati. Nimeomba radhi kwa sauti. Katikati ya maneno nikalia kweli, kwa sababu ya binti yangu, na kwa sababu ya ile ngazi. Yassin kanishika mkono, kaniita baba. Nimeapa mbele yao kwamba sitachukua tena cha mtu pasipo kujua mwenyewe yuko wapi.

Nikaaga. Njia ya mkato ikanipoteza tena. Na pale, kwenye kichaka, mlango! Mlango wa mninga, umechongwa majani na nyota, umesimama na fremu yake, nyumba yenyewe ilishaanguka zamani. Silvanus ana mlango wa chuma. Mbele ya nyumba yangu, juu ya ile rangi ya krimu, harusi ya Rahma ikija! Kizingitini alikaa mzee mmoja ananoa jembe. Shikamoo. Marahaba. Safari hii sikuwa mjinga, mtu hujifunza. Nikamwuliza waziwazi kama wenyewe wamelala.

Kasema hapana, hapa hajalala mtu. Mwenyewe kasafiri.

Alhamdulillahi! Nikamwuliza anarudi lini. Kasema safari yake haina siku. Nikamweleza kwamba basi namtunzia tu. Hakukataa. Kanisaidia kuunyanyua, mikono yake baridi kama mtungi, akasema nikishaufunga nyumbani nisiweke komeo, kwa sababu mwenyewe hupita hapohapo. Nimeelewa, fundi ataweka kitasa cha kawaida. Gata itabidi isubiri, huwezi kushughulika na juu wakati mlango haujakaa.

Kirikuu nzito. Kila kilima gia ya kwanza. Trafiki kanisimamisha kwa mara ya tatu. Leseni hakuitaka. Kauliza tu huyu mzee naye nimemtoa wapi, nikamwambia huo ni mlango.